Wimbo Wangu, Sifa Zake

Kama wewe na huyo wa ubavuni mwako mmenuniana kidogo kwa sababu ya luku, au kwa sababu ya ndugu waliokuja kusalimia wakakaa wiki tatu, hayo ni ya kawaida na yatapita. Leo naomba tuongelee kitu kinachouma kimyakimya kuliko hayo, tena kinawauma zaidi wapenzi wanaofanya kazi pamoja. Ni wivu, lakini si ule wa meseji za saa sita usiku. Huu ni wivu wa kipaji.

Barua imetoka Rangwi. Kwa wale ambao jiografia iliwapiga chenga, ukitoka Mombo unapanda Soni, unafika Lushoto, halafu unaendelea kuzunguka na milima ya Usambara mpaka masikio yazibe. Wageni wanaotembea kwa miguu kuelekea Mtae wengi hulala kwa masista wa Rangwi, na baridi ya pale si ya kitoto. Mwandishi wa barua ni dada wa miaka 29, mwalimu wa shule. Nimembadilishia mambo mawili matatu ili asijulikane, maana Rangwi si Kariakoo, huko mtu akikohoa jirani anauliza kama umepona. Nitamwita mdogo wangu, kwa kuwa kiumri nimemzidi.

Mdogo wangu ana miaka miwili kwenye ndoa. Yeye na mumewe wako bendi moja, watu wanne tu. Shemeji anakung'uta gitaa la solo na ndiye kiongozi, mdogo wangu yuko kwenye kinanda na sauti, halafu kuna mpiga besi na mpiga drams. Wanapiga kwenye harusi, kipaimara na mahafali, wakati mwingine wanashuka mpaka Lushoto mjini na Soni. Hawalali njaa, wala hawatajiriki. Shemeji ni mshabiki wa kutupwa wa muziki wa roki, ana fulana ya Queen aliyoiokota mtumbani na kila shoo lazima aivae. Walipendana humohumo mazoezini, kwa hiyo mapenzi yao na muziki wao vilizaliwa pacha.

Sasa ishu ni kwamba mdogo wangu anatunga. Anatunga kinoma. Ana kaunta buku lenye nyimbo kumi na kitu. Shemeji naye alikuwa anatunga, na nyimbo mbili za kwanza zilizoitambulisha bendi zilikuwa zake, ila mwaka mzima sasa hajatoa kitu. Siku moja wakapiga harusi Mlalo. Katikati ya shughuli wakaweka wimbo ambao mdogo wangu alimtungia mama yake, mama aliyekuwa anabeba karoti kichwani alfajiri kuwahi sokoni ili watoto wasome. Unaanza na kinanda peke yake, taratibu, halafu ndiyo gitaa linaingia. Kina mama wakatoa leso. MC akamfuata kiongozi wa bendi, akamnyanyua mkono, akasema kaka umetunga kitu kikali. Shemeji akachukua maiki, akasema asanteni sana.

Basi, ni hilo tu. Hakudanganya neno hata moja. Alisema asanteni.

Usiku ule njia nzima hakuna aliyeongea. Walipofika nyumbani mdogo wangu akauliza kwa upole, na jibu alilopewa ni kwamba wimbo ni wa bendi, hakuna cha wangu wala chako. Tangu siku hiyo kaunta buku linalala chini ya godoro. Shemeji naye ameanza kumkosoa mbele ya wenzake kwamba anaimba kama yuko kwaya. Na mpiga besi, ambaye macho anayo, akamvuta pembeni na kumwambia: dada, mimi na wa drams tuko tayari, tuondoke tukaanzishe yetu. Swali la mdogo wangu kwangu ni moja tu. Niondoke nao?

Mpenzi msomaji, ningeweza kukimbilia kujibu, ila hili jambo lina wenyewe waliolipitia kabla yetu, tena wengine wametoka mkoa huohuo wa Tanga. Tuwape nafasi kwanza.

NYIKA MOJA, SIMBA WENGI

Miaka ya 1960, chini ya milima hiyo, Tanga mjini, walikuwepo ndugu wawili wapiga magitaa, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Mwaka 1966 wakaingia Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka mpaka Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika, bendi ambayo wazee wako wakiisikia hata leo wanaomba uongeze sauti.

Ukiusikiliza vizuri muziki ule, utagundua jambo. Anayeimba yuko mbele na jina lake ndilo unalolishika. Lakini kinachokutoa kwenye kiti si yeye. Ni lile gitaa la rizimu linalozunguka palepale bila kuchoka, ni besi linalosema kidogo na kunyamaza, ni drams zisizo na haraka. Wimbo ukipata sifa, hao wa nyuma wanakuwa "na wenzake". Fulani na wenzake. Jamani, umeshawahi kuwa wenzake? Ofisini wanaandika ripoti wanne na bosi anaiwasilisha mmoja. Nyumbani anasomesha mke na anayealikwa kwenye mahafali kukaa meza kuu ni mume.

Mwaka 1978 wenzake wakabwaga manyanga. Omar Shabani wa rizimu, aliyeitwa Profesa, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa drams na wapuliza saksafoni wakaondoka Simba Wanyika kwa mkupuo. Wakampata John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa kwenye bendi nyingine hapohapo Nairobi, akawa sauti yao. Hawakukimbilia jukwaani Jumamosi iliyofuata. Walikaa kama miezi sita wakifanya mazoezi na kutunga vitu vyao, ndipo wakaanza kupiga kwenye klabu ya Garden Square. Wimbo uliowatoa uliitwa Sina Makosa. Kwa watu waliotoka kuvunja nyumba ya wenzao, jina hilo kila nikilifikiria nacheka. Baadaye zikaja Paulina na Pamela, na miaka mingi mbele Amigo.

Kitu cha kuangalia hapo ni jina. Hawakujiita kitu kipya kabisa, walijiita Les Wanyika. Nyumba wameihama, jina wamelifunga kwenye mabegi. Halafu Issa Juma naye akawa na Super Wanyika Stars, waliotamba na Sigalame, na Wanyika wengine wakafuata, mpaka mnunuzi wa sahani za santuri alikuwa lazima asome vizuri asije akabeba simba siye. Ni kama mwanamke aliyeachika lakini bado anatumia jina la yule bwana kwenye kibao cha saluni, kwa kuwa wateja ndilo wanalolijua.

Na hao waliobaki je? Wengi tunapenda kuamini kwamba ukiondoka, uliyemwacha ataporomoka na kukupigia simu usiku akilia. Kina Kinyonga hawakuporomoka. Walitafuta watu wengine, wakatoa Haleluya katika miaka ya 1980, na albamu yao ya Pepea ikatolewa Ulaya mwaka 1992. Mwaka huohuo George akafariki, na Wilson akamfuata mwaka 1995. Kwa miaka mingi, bendi mbili zenye damu moja zilipiga katika jiji moja, zote zikajaza watu. Mashabiki tulipata faida, tuseme ukweli. Nyimbo bora kabisa za upande ule wa muziki zilipatikana baada ya ugomvi.

Hapa kwetu Dar mambo yamekuwa hayohayo. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mmiliki wa Safari Sound, aliwachomoa wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mkupuo, wakiongozwa na Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, na Sikinde bado haikufa. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz na kuanzisha Super Volcano. Na wale wa rika langu bado tunakumbuka Wanaume wa TMK walivyogawanyika, Juma Nature akaenda na Wanaume Halisi, mashabiki wakawa hawajui wavae fulana ya nani. Sitaki kukaa sana huko, maana bifu zile zina kurasa zake.

SHEMEJI ANA HOJA, NUSU

Sasa mdogo wangu, hapa utaninunia kidogo. Mumeo aliposema wimbo ni wa bendi, hakuropoka.

Kwenye bendi zetu za dansi wimbo ulikuwa unazaliwa hivi. Mtunzi anakuja mazoezini na maneno na sauti ya kuimbia. Basi. Hakuna anayempa mpiga solo karatasi kwamba piga hivi. Solo anatafuta cha kwake, rizimu anatafuta cha kwake, besi anatega anapopaona, wapuliza tarumbeta wanakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Mnarudiarudia mpaka kinakaa. Kwa hiyo ukiniuliza ule wimbo wa karoti ni wa nani, nitakwambia maneno ni yako, mama ni wako, sauti ni yako, ila lile gitaa linaloingia baada ya kinanda na kuwatoa watu machozi, hilo kalitoa kifuani mwake yeye. Ukiliondoa, wimbo unabaki na mguu mmoja.

Nusu nyingine ya hoja yake ndiyo sikubaliani nayo. Nyimbo zake mbili za mwanzo, umeandika mwenyewe, mpaka leo anazitambulisha kwa kusema "huu niliutunga mimi nikiwa Mombo". Zile ni zake. Za kwako ndizo za bendi. Ujamaa wa namna hiyo, unaoanzia kwenye daftari la mwenzio, haukuwahi kufika mbali.

Na kwa vile yeye mwenyewe kavaa fulana ya Queen, tumpeleke hukohuko.

FULANA YA QUEEN

Freddie Mercury ni wa kwetu, hata kama wengi hawajui. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yao ikahamia Uingereza mwaka 1964. Bendi ya Queen ilianza London mwaka 1970, na kuanzia 1971 walipompata John Deacon wa besi wakatimia wanne: Freddie, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa drams, na huyo Deacon. Tofauti na bendi nyingi, wote wanne walikuwa watunzi. Hakuna aliyekuwa mwenzake. Ungedhani hiyo ni raha, kumbe ndiyo ilikuwa balaa, maana kila albamu ina nafasi chache na kila mmoja ana mtoto wake mkononi.

Utaratibu wao ulikuwa ni kwamba aliyeleta wimbo ndiye anayeandikwa jina, na mrabaha wa mtunzi unakwenda kwake. Mwaka 1975 wakatoa santuri ya Bohemian Rhapsody, wimbo wa Freddie. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa mfululizo. Lakini santuri ina pande mbili, na upande wa pili waliweka I'm in Love with My Car, wimbo wa Taylor kuhusu mapenzi ya mtu na gari lake. Husimuliwa kwamba aliung'ang'ania uwekwe hapo mpaka akajifungia kabatini. Sasa piga hesabu. Kila mtu aliyenunua ile santuri alimfuata Freddie. Lakini kwa kila santuri iliyouzwa, mtunzi wa upande wa pili alilipwa sawasawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Mpiga drams akavuna mshiko wa maana kwa wimbo ambao watu waliugeuzia mgongo, na May na Deacon, waliopiga kwenye pande zote mbili, hawakuambulia kitu kwenye fungu hilo la utunzi.

Kinyongo hicho walikaa nacho miaka. Kila wakiingia studio ubishi haukuwa wimbo upi ni mzuri, ulikuwa wimbo wa nani utatoka. Mpaka albamu ya The Miracle, mwaka 1989, ndipo wakakubaliana kwamba kuanzia sasa kila wimbo utaandikwa umetungwa na Queen, awe ameuleta nani. Wenyewe walisema baadaye kwamba mabishano yalipungua sana. Ukawa unapita wimbo mzuri, kwa sababu ukipita wote mnakula. Cha kusikitisha ni kwamba Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Yaani amani hiyo aliifaidi kama miaka miwili tu.

Najua shemeji akisoma hapo ataruka na kusema umeona, hata Queen walisema wimbo ni wa bendi! Taratibu, shemeji yangu. Queen walifika huko baada ya kila mmoja wa wale wanne kuandikwa jina lake kwa miaka na dunia kujua kwamba huyu katunga hiki na yule kile. Deacon, mpole kuliko wote, alikuwa tayari na Another One Bites the Dust ya mwaka 1980 kwa jina lake. Walikusanya kwenye kapu moja vitu ambavyo kila mmoja alikuwa ameshavihesabiwa. Wewe unataka kufika 1989 bila kupita 1975. Mkeo hajaandikwa popote, halafu unamwambia tusiandikane.

Lakini nisikuonee. Naiona hofu yako, shemeji, na naiheshimu. Ulikuwa ndiye mtunzi, ukaoa msichana wa kinanda, sasa msichana wa kinanda anakuja kila wiki na kitu kipya na wewe ukikaa na gitaa barazani kinatoka kilekile cha mwaka juzi. Hiyo inauma. Inamuuma mwanaume zaidi kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia, akilalamika ataonekana anamwonea wivu mkewe, akinyamaza anaanza kumwambia anaimba kama yuko kwaya. Nimeona nyumba za wahasibu na nyumba za madaktari zenye ugonjwa huohuo. Mke kapanda cheo, mume ghafla anagundua kwamba mboga hazina chumvi.

NIONDOKE NAO?

Sasa mdogo wangu, jibu lako. Na mpiga besi, hapana. Kwa sasa hapana.

Sisemi mpiga besi ana nia mbaya, inawezekana kabisa kachoka tu kuwa mwenzake. Lakini wale wa Les Wanyika walipoondoka, Omar Shabani hakuwa analala chumba kimoja na Wilson Kinyonga. Walifunga mlango na kila mtu akaenda kwake. Wewe ukiondoka na besi na drams, jioni unarudi kwa mtu uliyemwachia gitaa moja na fulana, na asubuhi mnakunywa chai meza moja. Isitoshe uko Rangwi. Mwanamke wa ndoa anayefanya mazoezi na kijana mwingine bila mumewe, hadithi itafika Lukozi kabla wewe hujafunga kinanda kwenye mfuko. Si haki, nakubali, ila utakuwa unapigana vita viwili kwa mara moja. Na ile miezi sita ya Les Wanyika uliisoma? Miezi sita ya kutunga bila shoo. Jiulize nani atalipa.

Kitu cha kufanya kwanza ni kulitoa lile kaunta buku chini ya godoro. Wimbo uliofichwa haumkomoi mumeo, unakukomoa wewe. Siku ambayo hakuna shoo wala mazoezi, mkiwa wawili, lifungue mezani, na kila wimbo uuandikie: maneno nani, sauti ya kuimbia nani, solo nani, tarehe. Solo zake ziandike bila choyo, tena uanze nazo, aone kwamba hukuja kunyang'anya. Nyimbo zake mbili za Mombo nazo ziandikwe humohumo, kwa jina lake. Halafu waiteni hao wawili wa besi na drams wasaini wote. Utaona huyo wa besi hamu ya kuhama inavyopungua akiona jina lake limeandikwa mahali.

Hilo si la mapenzi tu, ni la sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha mambo mawili ambayo nyumbani kwenu mmeyachanganya. Mtunzi ana hakimiliki. Mwimbaji na mpigaji wana hakishiriki kwa kile walichokipiga. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, lakini cha mmoja hakimezi cha mwingine. Hakimiliki yako inakuwepo tangu ulipouandika huo wimbo, huhitaji muhuri wa mtu ili uwe mtunzi, ila ukienda kuusajili COSOTA unapata ushahidi, na ushahidi unasaidia siku ambayo studio ya Tanga au ya Dar itawapigia simu. Msisubiri simu hiyo ndipo muulizane wimbo ni wa nani. Hakuna ndoa inayojadili mgawanyo vizuri huku dereva anapiga honi nje.

Kuhusu ukame wa shemeji, tafadhali usimtungie kwa siri ili ajisikie vizuri. Najua umeshaliwaza. Akigundua, na atagundua, hatakusamehe. Mwombe akupigie kile kilekile cha mwaka juzi, kikalie kwenye kinanda, mkiona kimezaa kitu basi kiandikwe cha wawili. Kisipozaa, mpike ugali mlale.

Na kama baada ya yote hayo bado anashika maiki na kusema asanteni? Basi hapo rekodi nyimbo zako kwa jina lako, na wapigaji wowote utakaowapata, bila kuhama bendi wala kuhama nyumba. Mwambie ni mtindo wa Queen. Taylor alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 1981, May akafanya yake na watu wengine mwaka 1983, na Freddie akatoa Mr. Bad Guy mwaka 1985, miezi michache tu kabla ya ile shoo ya Live Aid ya mwezi Julai ambayo Queen waliipiga mpaka leo inasimuliwa. Bendi haikuvunjika kwa sababu mtu kaimba cha kwake nje. Ila hilo lifanye ukimwangalia usoni, asije akasikia redioni.

Umeniambia mna harusi nyingine inakuja. Kubalianeni kabisa kabla ya kupanda gari: ukifika wimbo wa mama, maiki awe nayo yeye, ataje jina lako, la kwako na la baba yako, kwamba huyu ndiye aliyeutunga. Akitaja, mpigie kinanda kama hujawahi kukasirika. Akisahau, usimkatishe mbele za watu wala usimnong'oneze. Wimbo huo unaanza na kinanda. Weka mikono mapajani, usubiri.